Maswali ya dishi: picha ya HD inapotelea wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja. Mtu amenunua runinga kubwa, amelipia kifurushi, fundi amekuja na kuondoka, lakini picha aliyoitarajia haioni. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Tuseme mapema kwamba kasoro nyingi mnazotuandikia haziko angani. Ziko katika mita 30 za mwisho, kati ya dishi na kochi, na nyingine unaweza kuzirekebisha leo hii bila kununua kitu kikubwa.

Nimenunua runinga ya inchi 43 ya Full HD, na king'amuzi changu kimeandikwa HD. Nimelipia, lakini picha ni ile ile ya runinga yangu ya chogo. Je, nimeuziwa feki?
Msomaji, Morogoro

Kabla hujamrudia muuza duka, chungulia nyuma ya runinga uone ni waya gani umechomekwa. Kama ni ule wa vichwa vitatu, cha njano, chekundu na cheupe, jibu umelipata. Chekundu na cheupe ni vya sauti. Kichwa cha njano peke yake ndicho kinachobeba picha, na kilitengenezwa enzi za hizo runinga za chogo. Hakipitishi zaidi ya mistari 576.

Hesabu yake ni hii. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, jumla 414,720. Picha ya Full HD ina 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600, yaani mara tano kamili. King'amuzi chako kinapokea nukta zote hizo kutoka angani, halafu kinalazimika kuzibana ili zipite kwenye waya wa njano. Runinga nayo inazivuta tena zijaze kioo. Kile ulichokilipia kinatupwa ndani ya nusu mita ya waya.

Zima vyote viwili ukutani, toa waya huo, chomeka wa HDMI, kisha uchague HDMI kwa rimoti ya runinga. Usikubali kuuziwa waya wa bei kubwa kwa sababu umepakwa dhahabu. Kwa mita moja na nusu, waya wa kawaida uliotengenezwa vizuri unapitisha nukta zote. Waya wa HDMI ukiwa mbovu utaujua tu, maana picha inakatika, inajaa vimulimuli au kioo kinakuwa cheusi. Haukuletei picha iliyofifia kidogo.

Bado hujamaliza. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, uangalie ukubwa wa picha inayotoka. Vingine vikitoka dukani huwa vimewekwa 576i. Weka 1080i, au 1080p kama ipo, na umbo la kioo liwe 16:9. Kisha kwenye runinga tafuta mpangilio unaoitwa Just Scan au Screen Fit, uuwashe. Bila huo, runinga nyingi hukata kingo za picha na kuivuta iliyobaki, na maandishi ya chini ya taarifa ya habari huanza kuwa na ukungu. Punguza pia ukali wa picha, ule wa Sharpness. Watu huupandisha wakidhani wanaongeza usafi, kumbe wanachora mstari mweupe kuzunguka kila kichwa cha mchezaji.

La tatu ni chaneli yenyewe. King'amuzi cha HD hakigeuzi chaneli ya kawaida ikawa HD. Ukiweka 1080i, runinga itakuandikia 1080 kwa kila chaneli, hata zile zilizorushwa kwa mistari 576, kwa hiyo usiutumie mwandiko huo kama ushahidi. Tafuta chaneli yenye HD kwenye jina lake. Wakati mwingine chaneli moja iko sehemu mbili kwenye orodha, na ya HD ndiyo yenye namba usiyoizoea.

Mwisho, pima kochi lako liko umbali gani. Jicho zima la binadamu lina kikomo. Kwa runinga ya inchi 32, nukta za Full HD zinaonekana zote ukikaa kama mita 1.3 kutoka kwenye kioo. Kwa inchi 43 ni mita 1.7, na kwa inchi 55 ni mita 2.2. Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, jicho linaanza kuunganisha nukta, na ukifika karibu mara mbili ya umbali huo, HD na picha ya kawaida iliyorushwa vizuri zinakaribia kufanana. Anayetazama inchi 32 akiwa mita 4 anaweza kulipia HD mwaka mzima asiione tofauti, na hakuna kifaa kilichoharibika. Asogeze kochi kwanza.

Dishi halina umeme wala mashine. Picha inashukaje kutoka angani hadi kwenye runinga?
Mwanafunzi wa sekondari, Iringa

Dishi lenyewe ni kioo tu, kioo cha mawimbi. Kile kichwa kilicho mbele yake, LNB, ndicho chenye umeme, na umeme huo unapanda kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya ule ule unaoshusha picha.

Tuanzie kituoni. Picha ya HD ikitoka studio bila kubanwa ni mafuriko ya biti bilioni 1.485 kwa sekunde. Hakuna kituo kinachoweza kulipia nafasi hiyo angani. Kwa hiyo mashine ya kubana inatafuta yanayojirudia. Nyasi za uwanja hazikubadilika tangu picha iliyopita, basi hazitumwi upya. Kamera imehama kidogo kushoto, basi inatumwa habari ya kuhama tu. Kwa mbinu ya MPEG-4, picha hiyo inashuka hadi biti milioni 7 hivi kwa sekunde, kama mara 200 pungufu. Ukitazama mpira wa chaneli iliyobanwa kupita kiasi, sogea karibu na kioo wakati kamera inakimbiza mpira, utaona nyasi zinageuka kuwa rojo la kijani lenye vibokisi, kisha kamera ikitulia majani yanarudi. Hapo dishi lako halina kosa. Kituo kimetenga biti chache mno.

Mawimbi yanapanda hadi setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Kwa kimo hicho, setilaiti inaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha, ndiyo maana kwetu inaonekana imesimama na dishi halihitaji kuifuata. Ndani yake kuna vipokezi vingi. Kila kimoja kinapokea, kinabadilisha masafa, kinakuza na kurusha chini kwa nguvu ya wati mia moja na zaidi. Wati hizo zinamwagika juu ya nchi nzima nzima. Zinazoangukia kwenye dishi la sentimita 80 zinakaribia wati moja iliyogawanywa kwa trilioni. Dishi linazikusanya zote sehemu moja, mdomoni mwa LNB.

LNB ina kazi mbili. Inakuza, na inashusha masafa kutoka gigahezi 10.7 hadi 12.75 mpaka megahezi 950 hadi 2,150, kwa sababu waya wa nyumbani ungeyameza masafa yale ya juu kabla hayajafika sebuleni. King'amuzi nacho kinaiamuru LNB kwa voti. Kikipeleka voti 13, inapokea mawimbi ya wima, na kikipeleka 18, ya mlalo. Kikiongeza mlio wa kilohezi 22 juu ya umeme huo, inahamia nusu ya juu ya masafa. Likariri hili, maana linafichua ugonjwa mmoja. Ukiona nusu ya chaneli zipo na nusu hazipo hata siku ya jua kali, huenda voti 18 za kuzileta chaneli zilizopotea hazifiki juu. Mara nyingi koneketa imeota kutu na kula voti njiani.

King'amuzi kinasahihisha biti zilizoharibika safarini, kinafungua kufuli kwa kutumia kadi, kisha kinafumua ule mbano. Funguo za kufuli hubadilishwa kila baada ya sekunde chache, na ruhusa yako ya mwezi inatumwa hewani pia. Ndiyo maana ukishalipia unaambiwa uwashe king'amuzi na ukiache kwenye chaneli. Kilichozimwa hakisikii ruhusa ikitangazwa.

Unaweza kuuliza kwa nini chaneli zote zisiwe HD. Kipokezi kimoja cha setilaiti, kikitumia DVB-S2, mfumo wa kurusha runinga ya dijitali kwa setilaiti, kwa mpangilio unaotumika sana, kinabeba kama biti milioni 59 kwa sekunde. Hapo zinaenea chaneli 8 za HD za biti milioni 7. Nafasi hiyo hiyo inabeba chaneli za kawaida mara kadhaa ya idadi hiyo, na kipokezi kinakodishwa kwa fedha nyingi. Vituo vidogo vinachagua kuonekana kwanza.

Kila mvua ikinyesha chaneli za HD zinaganda, lakini zile za kawaida zinaendelea. Fundi anasema ninunue busta ya shilingi laki moja. Nifuate ushauri?
Msomaji, Bukoba

Usinunue.

Mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone ya mvua nzito ya milimita kadhaa yanatosha kuyameza na kuyatawanya. Tena mvua yenyewe inatoa kelele yake ambayo LNB inaisikia. Kwa hiyo mawimbi yanapungua huku kelele ikiongezeka. Busta ikiwekwa kwenye waya inakuza vyote viwili kwa kiwango kimoja. Uwiano wa picha na kelele unabaki ule ule, au unaharibika kidogo zaidi kwa sababu busta nayo ina kelele yake. Kazi halali ya busta ni pale waya unapokuwa mrefu sana, kupita mita 40 au 50, na hapo inafungwa karibu na dishi, siyo nyuma ya runinga.

Kwa nini HD inatangulia kufa? Fikiria mtu anayekupa ishara kwa mkono kutoka ng'ambo ya bonde. Akiwa na ishara nne tu, utazitambua hata kwenye ukungu. Akiwa na ishara nane zinazokaribiana, ukungu ukishuka utazichanganya. Chaneli za kawaida mara nyingi zinarushwa kwa ishara nne, mtindo uitwao QPSK, na za HD kwa ishara nane, 8PSK, ili biti nyingi zaidi zipite. Kwa DVB-S2 yenye kinga sawa ya robo tatu (katika kila biti nne, tatu ni za picha na moja ni ya kusahihisha makosa), QPSK inahitaji uwiano wa desibeli 4 hivi juu ya kelele, na 8PSK karibu 8. Hizo desibeli 4 ni mara mbili na nusu ya nguvu. Na dijitali haina chenga za kukuonya kama zamani. Picha ni safi, safi, safi, halafu inavunjika.

Unachohitaji ni akiba, na akiba inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni bure: kulenga dishi upya kwa makini, kama tunavyoeleza hapa chini. Madishi mengi yalifungwa mpaka picha ikatokea, basi, fundi akashuka. Ya pili ni ukubwa. Dishi la sentimita 90 linakusanya mara 2.25 ya lile la sentimita 60, karibu desibeli 3.5, yaani karibu pengo lote lile la HD na kawaida. Kwa mikoa ya mvua nyingi kama Kagera, fedha ya busta iende kwenye dishi la 90.

Mvua ya kubomoa mapaa itakata picha hata kwa dishi hilo. Subiri ipite, na usilisogeze dishi wakati mvua inanyesha, utalipoteza kabisa. Na picha ikikatika kwako huku jua linawaka, huenda mvua inanyesha kwenye kituo kinachorusha mawimbi kwenda juu. Hapo hakuna la kufanya nyumbani.

Nataka kulenga dishi mwenyewe. Naomba hatua, na vipimo kamili vya Dar es Salaam.
Msomaji, Tabata

Tunakupa vya setilaiti mbili ambazo madishi mengi ya hapa yanazitazama. Azam TV inatumia nafasi ya nyuzi 7 Mashariki. Kutoka Dar es Salaam, dishi linaelekea magharibi, likigeuka kidogo kwenda kaskazini, nyuzi 281 kwenye dira, na kimo cha nyuzi 52. DStv inatumia nyuzi 36 Mashariki. Hiyo iko karibu utosini: kimo ni nyuzi 81 na mwelekeo ni kaskazini-magharibi, nyuzi 334. Aliyeko Nairobi ana kimo cha nyuzi 88, karibu juu kabisa.

Vifaa: spana namba 10 na 13, pimamaji, dira, penseli, na runinga ndogo pamoja na king'amuzi vilivyowekwa karibu na dishi kwa waya mfupi. Kupiga kelele kutoka darini, "vipi sasa?", huku mtoto anajibu kutoka sebuleni ndiko kunakozaa madishi yaliyolengwa nusunusu. Zima king'amuzi kila unapofunga au kufungua waya. Uzi mmoja wa ule wavu ulio chini ya ganda la waya ukigusa waya wa katikati, voti zinakutana na king'amuzi kinaweza kuungua.

Kwanza nguzo. Iweke pimamaji upande wa mbele, kisha upande wa ubavuni. Lazima iwe wima pande zote mbili, vinginevyo namba za kimo zilizo nyuma ya dishi zinakudanganya, na ukizungusha dishi kimo nacho kinabadilika. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Pili, angalia mbele. Kwa kimo cha nyuzi 52, ukuta au mti unaolizidi dishi kwa mita 3 uwe umbali wa mita 2.5 au zaidi. Mwembe alioupanda jirani mwaka juzi umekua tangu hapo.

Tatu, weka kimo kwa kufuata mistari ya kishikio, kaza nati kiasi cha kuruhusu kusogea. Dishi letu la kawaida linapokea kwa pembeni, kwa hiyo uso wake unaonekana umesimama kuliko mahali linapotazama kweli. Ni sawa, mistari imeshalihesabu hilo. Soma dira ukiwa hatua kadhaa mbali na mabati na nguzo, maana chuma kinaivuta.

Nne, zungusha LNB ndani ya kishikio chake. Huku kwetu karibu na Ikweta jambo hili ni kubwa kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Kwa setilaiti ya nyuzi 7, LNB ya Dar es Salaam inapaswa kulala karibu nyuzi 77 kutoka kusimama wima, na kwa ile ya 36 ni kama nyuzi 26. LNB iliyosimama wima kwa sababu "ndivyo inavyokaa vizuri" inachanganya mawimbi ya wima na ya mlalo, na HD ndiyo inayoumia kwanza.

Tano, washa king'amuzi, fungua ukurasa wa kupima mawimbi. Kuna mistari miwili. Wa nguvu unapima kila kinachoingia, kelele ikiwemo, na unaweza kusoma 85 huku dishi linatazama mbingu tupu au setilaiti nyingine. Usiufuate. Fuata wa ubora. Sogeza dishi kushoto kwenda kulia milimita mbili, subiri sekunde tatu au nne, sogeza tena. King'amuzi kinahitaji muda kushika mawimbi, na anayezungusha haraka anaipita setilaiti bila kuijua.

Utaona usahihi unaotakiwa ukipima kwa rula. Dishi la sentimita 80 linaona duara la nyuzi 2.2 tu angani. Ukingo wake ukisogea sentimita moja, mwelekeo umeshahama nyuzi 1.4, na umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Picha ya kawaida bado itaonekana siku ya jua. Akiba ya mvua ndiyo imekwisha.

Kwa setilaiti ya nyuzi 36 kuna tofauti inayowasumbua hata mafundi. Kwa sababu iko karibu utosini, kuzungusha dishi nyuzi 10 kwenye nguzo kunalihamisha angani kwa nyuzi 1.6 tu. Hapo usihangaike na milimita za kuzungusha. Cheza na kimo taratibu, kisha zungusha kwa hatua kubwa.

Ubora ukitokea, tafuta kilele: kushoto kulia, juu chini, kisha zungusha LNB nyuzi chache kila upande, kisha isogeze mbele na nyuma kwenye kishikio. Rudia mzunguko mzima mara moja. Ukikaza nati, kaza kwa zamu, moja kidogo na ya pili kidogo, macho yakiwa kwenye ubora, kwa sababu spana inalivuta dishi. Chora mstari wa penseli kwenye nguzo, na andika namba ya ubora ya siku kavu mahali utakapoiona. Mwakani picha ikisumbua, utalinganisha badala ya kubahatisha.

Nina runinga mbili, sebuleni na chumbani. Nikiweka kigawanyi kwenye waya wa dishi, chaneli zinapotea ovyo. Tatizo ni nini?
Msomaji, Mwanza

Ving'amuzi viwili vinaiamuru LNB moja. Kimoja kinataka voti 13, kingine 18, na LNB inatii ile kubwa. Ukibadili chaneli sebuleni, chumbani kunazimika.

Nunua LNB yenye matundu mawili, kila king'amuzi kiwe na waya wake kutoka darini. King'amuzi cha pili kitakuwa na kadi na malipo yake. Kama mnaridhika kutazama chaneli moja nyumba nzima, njia rahisi ni kigawanyi cha HDMI sebuleni na waya wa HDMI wa mita 10 kwenda chumbani, picha itabaki Full HD. Usichanganye na kile kijisanduku cha DiSEqC chenye matundu manne. Hicho ni cha kinyume chake: madishi mawili au zaidi kwenda king'amuzi kimoja.

Jirani anatumia antena ya kawaida. Goli likifungwa anashangilia mimi bado naona pasi. Dishi langu ni bovu?
Msomaji, Kakamega

Ni zima. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,500, na mwanga unahitaji robo sekunde. Kinachokula muda zaidi ni kule kubana na kufumua. Mashine ya kubana inasubiri picha nyingi ziingie ili izilinganishe, na HD inachukua sekunde kadhaa. Anayetazama kwa intaneti kwenye simu huchelewa zaidi yako, kwa hiyo kuna mtu mtaani anayekusikia wewe ukishangilia mapema.

Mwezi wa tatu picha ilikatika mchana kweupe siku kadhaa mfululizo, saa ile ile, ikarudi yenyewe. Niliita fundi, hakuona kitu.
Msomaji, Kigamboni

Jua lilipita nyuma ya setilaiti. Jua nalo linatoa mawimbi ya masafa hayo hayo, na dishi likiviona vyote viwili pamoja, kelele inaifunika picha. Kwa Dar es Salaam hutokea siku chache kabla na baada ya tarehe 23 Machi, na tena karibu na 20 Septemba. Kwa nyuzi 36 ni kati ya saa sita na nusu na saa saba kasoro robo mchana. Kwa nyuzi 7 ni saa tisa alasiri hivi. Hudumu dakika chache. Ukitaka kuona kama mti unaziba dishi, siku hizo zinakufaa: dakika hiyo ya kukatika, uso wa dishi ukiwa na jua bila kivuli cha mti, njia iko wazi. Tawi likitia kivuli kwenye dishi, ndilo la kukata.

Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu. Nifanyeje dishi lidumu?
Msomaji, Nungwi

Dishi la alumini likipatikana, chukua hilo. La chuma lipake rangi kabla halijapata mkwaruzo wa kwanza, na rangi iwe isiyong'aa. Ukipaka ya kung'aa, siku zile za Machi na Septemba dishi litakusanya joto la jua mdomoni mwa LNB na kuyeyusha kifuniko chake.

Kinachokufa mapema zaidi ni koneketa. Tumia waya wa RG6 na koneketa ya kubana, siyo ya kusokota. Menya ganda la nje kama sentimita moja na nusu, kunja wavu urudi nyuma, menya plastiki nyeupe kama sentimita moja, na hakikisha hakuna uzi wa wavu unaogusa katikati. Waya wa katikati utokeze milimita 2 au 3 kupita ukingo wa koneketa. Ukiwa mfupi unagusa leo na kuacha kesho.

Ifunge kwa mkono, kaza robo mzunguko kwa spana, kisha izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia kwenye waya chini na kupanda kuelekea LNB ili maji yateleze juu ya mikunjo. Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kitanzi cha sentimita 15. Maji yanadondokea chini ya kitanzi. Bila kitanzi, yanaufuata waya mpaka kwenye king'amuzi, na wavu wa ndani unayanyonya kama utambi wa koroboi. Kila baada ya miezi sita fungua koneketa ya juu uitazame. Shaba ikiwa ya kijani, au wavu umekuwa mweusi, kata sentimita 10 hadi 20 za waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, ufunge koneketa mpya. Kwa kazi hiyo, uache waya wa ziada wa mita moja umezungushwa kwenye nguzo tangu siku ya kwanza.